Lami Chini ya Kapeti

Kapeti lilipong'olewa, harufu ndiyo iliyotangulia: vumbi la miaka mingi, maji yaliyolala, na chini ya yote hayo harufu ya lami, kama ya barabara iliyomwagwa juzi. Tulikuwa kwenye gereji moja ya Ilala, Dar es Salaam. Gari lenyewe ni Toyota Corolla iliyoingia nchini ikiwa imeshatumika Japani, na sakafu yake upande wa dereva ilikuwa imeliwa na kutu. Fundi bodi, mzee ambaye mikono yake imejaa alama za cheche, alitaka kukata bati bovu na kuchomelea jipya. Kabla ya kuwasha moto, kitu kimoja kilibidi kiondoke: bamba jeusi, zito, lililoshikana na sakafu kama ngozi na nyama. Kijana wake alilipiga patasi, likamong'onyoka, na vipande vikarushwa nje kwenye rundo la makopo ya rangi.

"Hii ni nini, fundi?" nikauliza.

"Lami tu, mwanangu. Wajapani wanaiweka. Haina kazi, inaongeza uzito."

Niliokota kipande kimoja chenye ukubwa wa kiganja. Upande wa juu kilikuwa kimekwaruzika na kujaa mchanga. Upande wa chini kilikuwa kimebeba umbo lote la sakafu: mifereji miwili, nundu ya boliti, hata mstari mwembamba wa pale bati mbili zilipokutana. Mkono wa mtu hauwezi kubandika kitu kikashika umbo namna ile. Bamba hilo lililazwa juu ya sakafu kiwandani, bodi ikaingizwa kwenye tanuri la kukaushia rangi, na kwa joto lile lile la kukausha rangi lami ikalainika, ikajaza kila bonde la bati, ikapoa hapo. Miaka yote ile ilikuwa kazini bila mwenye gari kujua kwamba ipo.

Kipande hicho kiko mezani kwangu ninapoandika. Namheshimu sana mzee yule kwa ufundi wake, lakini kuhusu lami nadhani hakuitendea haki. Ina kazi, na kazi yenyewe ilichukua wahandisi, maseremala na wanafizikia zaidi ya nusu karne kuielewa.

Yeyote aliyelala chini ya paa la bati wakati wa masika anajua tatizo lilianzia wapi. Tone la mvua likianguka mchangani halisikiki. Likianguka juu ya bati, bati linatetemeka, linatikisa hewa iliyo chini yake, na tone dogo linakuwa kishindo. Bodi ya gari ni bati la unene usiofika milimita moja, na mvua yake haikatiki: injini inaitikisa kutoka mbele, tairi kutoka chini, kokoto zinaipiga tumboni, upepo unaisugua ubavuni. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huwaka mara 100 kila sekunde. Mipigo hiyo ikikuta paa au sakafu inayopenda kutetemeka kwa kasi ile ile, ndani ya gari unasikia mvumo mzito unaogandamiza masikio, ule unaomchosha abiria kabla hajafika Chalinze.

Watu wengi hudhani dawa yake ni kuziba, kama mtu anavyoziba dirisha. Kuziba kuna nafasi yake, lakini kazi ya lami ni nyingine. Chukua mfuniko wa sufuria, ushike kwenye kishikio chake, uugonge kwa kijiko: utalia na kuendelea kulia. Ugonge tena huku umelaza kiganja juu yake: unanyamaza papo hapo. Kiganja chako hakikuziba chochote. Kimelinyang'anya bati nguvu ya kutetemeka, na lami ndiyo kiganja hicho. Kila bati linapopinda, lami inavutika nalo, inarudi kwa uvivu, na katika kuvutika na kurudi huko mtetemo unageuka joto dogo ambalo hakuna mkono unaoweza kulihisi.

Magari ya mwanzo hayakuhitaji jambo hili. Yalikuwa wazi juu, abiria wamekaa upeponi, na nani angelalamikia mngurumo wa sakafu huku vumbi likimwingia mdomoni? Ukimya wa siku hizo ulikuwa sifa ya injini. Mwaka 1907 kampuni ya Rolls-Royce ya Uingereza ilichukua chesisi moja ya gari lake la silinda sita, ikalipaka rangi ya fedha, na mkurugenzi wake Claude Johnson akalipa jina la Silver Ghost, mzimu wa fedha, kwa jinsi lilivyopita kimya. Gari hilo likapelekwa barabarani chini ya macho ya wasimamizi wa klabu ya magari ya nchi hiyo, likaenda na kurudi kati ya London na Glasgow hadi likakusanya zaidi ya maili 14,000, yaani takriban kilomita 23,000, bila kusimama kwa hitilafu. Utulivu wake ulitokana na vyuma vilivyochongwa kwa uangalifu vikakaa sawasawa. Hakuna aliyekuwa amebandika kitu sakafuni.

Mambo yalibadilika watu walipoanza kujifungia ndani. Huko Marekani, mwaka 1919, gari moja tu kati ya kumi yaliyouzwa ndilo lililokuwa na paa na vioo vya kudumu. Kufikia mwaka 1927 yalikuwa zaidi ya manane kati ya kumi. Baridi na mvua viliachwa nje, lakini sauti ilifungiwa ndani pamoja na abiria. Mngurumo ambao zamani ulichukuliwa na upepo sasa uligonga kioo, ukarudi, ukagonga paa, ukarudi tena.

Bodi za wakati huo zilikuwa na mifupa ya mbao iliyovishwa mabati. Mbao yenyewe ni nyenzo tulivu, haivumi kama bati. Kero yake ni viungo. Barabara mbaya inavilegeza, mbao zinasuguana, na baada ya mwaka mmoja gari linalia kama kitanda cha zamani. Aliyepata jawabu zuri kuliko wote alikuwa rubani: Charles Weymann, aliyezaliwa Port-au-Prince, Haiti, na aliyeshinda mashindano ya ndege ya kombe la Gordon Bennett mwaka 1911. Ndege za wakati ule zilikuwa miti myepesi iliyovishwa kitambaa, na Weymann alihamishia ujuzi huo kwenye magari. Katika bodi zake, ubao haukugusa ubao. Mbao ziliunganishwa kwa vipande vya chuma vilivyoacha mwanya mdogo katikati, ili bodi ipinde na barabara bila kusuguana. Nje akavisha kitambaa kizito kilichofanana na ngozi, ndani akajaza pamba. Hapakuwa na bati kubwa la kuvuma wala viungo vya kulia. Matajiri wa Paris na London walizipenda bodi hizo kwa miaka kadhaa, hadi rangi za kung'aa za mabati zilipoteka macho ya wanunuzi.

Aliyepanda gari la mbao la Unguja, zile daladala ambazo maseremala huunda paa na mabenchi juu ya chesisi ya lori dogo, ameonja kidogo ulimwengu huo. Upepo unapita, injini inasikika, mbao zinalia kwenye matuta. Lakini ule mvumo mzito wa bati lililofungwa pande zote haupo. Nimepanda magari hayo mara nyingi, na hilo ndilo nililoligundua kabla sijajua sababu yake.

Chuma kilishinda hata hivyo. Edward Budd wa Philadelphia alikuwa ameanza kuiuzia Dodge bodi za chuma kitupu kuanzia mwaka 1914. Sehemu iliyobaki nyuma ilikuwa paa. Viwanda havikuweza kutoa bati pana la kulifunika kwa kipande kimoja, kwa hiyo katikati ya paa paliwekwa mbao, waya na kitambaa kilichopakwa dawa ya kuzuia maji. Mitambo ya kutengeneza mabati ilipopanuka, General Motors wakatoa magari yao ya mwaka 1935 yakiwa na paa la chuma la kipande kimoja. Lilikuwa salama zaidi na halikuvuja. Lakini fikiria kilichotokea: juu ya vichwa vya abiria sasa palikuwa na ngoma. Bati pana, jembamba, lililowambwa kingo zote kama ngozi juu ya mzinga.

Hapo ndipo kubandika kulipokuwa kazi ya kiwanda. Wafanyakazi wa viwanda vya bodi walianza kubandika ndani ya paa na milango mikeka ya nyuzi iliyoloweshwa lami, makaratasi mazito na matabaka ya pamba iliyoshindiliwa. Upande wa injini, Chrysler walikuwa wametangulia mwaka 1931 kwenye gari la Plymouth kwa kuikalisha injini juu ya mipira, ili mtetemo wake ufe kabla haujafika kwenye chesisi. Citroën wa Ufaransa walinunua haki ya mbinu hiyo mwaka uliofuata na kuitangaza kwa alama ya bata maji anayeelea. Mipira ile ndiyo babu wa "engine mounting" ambazo kila mwenye gari la mtumba anazijua kwa maumivu ya mfuko.

Bado kazi ilifanywa kwa kubahatisha. Lami kiasi gani? Mahali gani? Kwa nini lami na si rangi nzito? Aliyeweka hesabu ni mwanafizikia wa Ujerumani, Hermann Oberst, katika makala aliyoichapisha mwaka 1952 kuhusu kufisha mtetemo wa mabati membamba kwa kuyavisha tabaka linaloyashika. Jaribio lake ni rahisi kiasi kwamba lingeweza kufanyika mbele ya darasa. Ufito wa chuma unabanwa upande mmoja, mwingine unaachwa huru. Unapakwa nyenzo unayotaka kuipima. Sumaku ya umeme inautetemesha bila kuugusa, na chombo kinapima jinsi mtetemo unavyokufa. Ufito mtupu unaendelea kutetemeka. Ufito uliovishwa vizuri unatulia mara moja.

Oberst alionyesha jambo ambalo fundi yeyote anaweza kulitumia leo: unene una uzito mkubwa kuliko unavyodhani. Kwa tabaka lililobandikwa juu ya bati, ukiongeza unene mara mbili, nguvu yake ya kufisha mtetemo hukaribia mara nne. Ndiyo maana rangi nzito haikufaa kitu na bamba la milimita 2 au 3 lilifaa. Maabara bado zinatumia ufito huo, na bado zinauita kwa jina lake. Kile kipande changu cha Corolla, chenye lami iliyochanganywa na unga wa mawe ili kiwe kizito na kigumu kiasi, ni mjukuu wa hesabu zile.

Miaka saba baadaye, mwaka 1959, Edward Kerwin wa kampuni ya Bolt Beranek and Newman ya Cambridge, Massachusetts, akaeleza njia ya pili. Ndege za abiria zilikuwa na tatizo la magari kwa kiwango kikubwa zaidi, na hazikuweza kubeba mabamba mazito. Mafundi wa ndege walikuwa wakitumia utepe wa alumini wenye gundi, mwepesi ajabu, na ulifanya kazi kubwa kuliko uzito wake ulivyoahidi. Kerwin alieleza kwa nini.

Chukua pakiti ya karata, uipinde. Angalia ukingoni: karata zinateleza moja juu ya nyingine. Sasa fikiria kwamba katikati ya kila mbili kuna ulimbo, ule utomvu wa kunasia ndege. Ukipinda, karata zinataka kuteleza, ulimbo unazikatalia, unavutwa huku na huku. Nguvu yote unayotumia kupinda inaishia kwenye ulimbo. Bati la gari ni karata ya chini, foili ya alumini ni karata ya juu, gundi ndiyo ulimbo. Bila foili, gundi ingelipanda bati kama abiria, ikipinda nalo bila kubughudhiwa sana. Foili ndiyo inayoibana na kuilazimisha ifanye kazi. Nadhani huu ndio ugunduzi mzuri kuliko yote katika habari hii, kwa sababu unaonyesha kwamba karatasi nyepesi ya alumini, kitu kinachochanika kwa kucha, inaweza kufanya kazi ya bamba zito ikiwekwa mahali pake.

Kilichobaki kilikuwa kupata ulimbo ulio bora, nao ulikuwepo tayari. Mwaka 1937 Robert Thomas na William Sparks, wakemia wa Standard Oil ya New Jersey, walitengeneza mpira wa butili. Sifa yake kuu ni kwamba hewa haiupenyi kirahisi, na kwa sababu hiyo ukawa mpira wa tyubu duniani kote. Hata tyubu za baiskeli zilizokuwa zikizibwa viraka chini ya miembe ya kwetu nyingi ni butili.

Watoto tuliotengeneza manati tuliujua mpira huu kabla ya wakemia kutufundisha chochote. Tulipotafuta tyubu kuukuu, tulichagua ile nyekundu ya mpira wa asili, tukaiacha nyeusi kwa kufungia mizigo. Nyeusi ilivutika vizuri, lakini ulipoachia, jiwe halikwenda mbali. "Mpira huu umekufa," tulikuwa tukisema. Hatukukosea hata kidogo. Butili hunyonya nguvu unayoipa na kurudisha sehemu ndogo tu. Iliyobaki inapotea ndani kama joto. Kilichoufanya ushindwe kurusha jiwe ndicho kinachoufanya ufishe mlio wa mlango. Ukiubandika chini ya foili ya alumini, umepata ule ulimbo wa Kerwin, unaoshika vizuri kwenye baridi na kwenye joto.

Wakati wanasayansi wakipima fito zao, wauzaji walikuwa wamegundua kwamba ukimya unauzika. Mwaka 1958 David Ogilvy aliandika tangazo la Rolls-Royce lililodai kwamba kwa mwendo wa maili 60 kwa saa, sauti kubwa kuliko zote ndani ya gari ni ya saa yake ya umeme. Mwaka 1965 Ford ya Marekani ikatangaza kwamba gari lake la LTD, la bei ya mtu wa kawaida, ni tulivu kuliko Rolls-Royce. Ukimya ukaacha kuwa mali ya wafalme.

Waliofikisha jambo hili mbali zaidi ni Wajapani. Mwaka 1983 mwenyekiti wa Toyota, Eiji Toyoda, aliagiza litengenezwe gari litakaloshindana na bora kuliko yote duniani. Chini ya mhandisi mkuu Ichiro Suzuki, wahandisi wapatao 1,400 walifanya kazi na magari ya majaribio takriban 450 yakaundwa. Matokeo yalitoka mwaka 1989: Lexus LS 400, ambayo nyumbani kwao iliitwa Toyota Celsior. Suzuki alisisitiza kelele iuawe pale inapozaliwa, kabla ya kufikiria kuifunika. Kisha, pale isipowezekana kuizuia isizaliwe, wakaweka bati lililofanyizwa kama mkate wenye siagi katikati: chuma, tabaka la utomvu, chuma tena. Kwa kilomita 100 kwa saa, ndani ya gari hilo zilipimwa desibeli 58, wakati washindani wake wa Ujerumani walikuwa kati ya 61 na 63. Tofauti ya desibeli tatu inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini maana yake ni kwamba nguvu ya sauti imepunguzwa nusu. Tangazo lake la Marekani lilionyesha piramidi ya glasi za shampeni juu ya boneti, magurudumu yakizunguka kwa kasi kubwa juu ya mashine, na glasi hazikutikisika.

Corolla ya Ilala haikuwa Celsior. Lakini ilitoka nyumba moja, na lami ya sakafu yake ilipangwa na watu waliofundishwa kwamba kelele inauawa mahali pake.

Jinsi kazi hii ilivyotoka kiwandani ikaingia mikononi mwa mafundi wa mitaani ni habari ya muziki. Katika miaka ya 1980 na 1990 vijana wa Marekani walifunga spika kubwa kwenye magari madogo, wakagundua kwamba besi inapopiga, gari zima linaimba pamoja nayo: mlango unatetemeka, kifuniko cha buti kinanguruma, hata kibao cha namba kinapiga kofi. Ndipo mikeka ya kubandika, kama ile ya Dynamat, ilipoingia kwenye maduka ya redio za magari ikiwa imekatwa na kufungwa kwenye boksi, tayari kwa mtu kuiweka mwenyewe. Kwetu njia ilikuwa hiyo hiyo. Aliyesimama kituoni Nairobi matatu yenye muziki ikakaribia, ameyasikia mabati yakilia kabla hajautambua wimbo. Fundi wa sabufa anayejua kazi yake, awe Nairobi au Kariakoo, atakwambia uvishe mlango kwanza ndipo ununue spika ya bei mbaya, kwa sababu spika iliyofungwa kwenye bati tupu inagombana na bati lenyewe.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na gari dogo lililokuwa likivuma kiasi cha kunifanya nizungumze kwa kupaza sauti na mtu aliyekaa pembeni yangu. Mikeka ya butili ilikuwa ghali. Katika duka la vifaa vya ujenzi nikaona utepe mpana wa lami wenye uso wa alumini, wa kuziba mapaa yanayovuja. Ulifanana kabisa na ule wa magari, na bei yake ilikuwa sehemu ndogo tu. Nikavisha milango yote minne mwezi wa Agosti, wakati wa kipupwe. Gari likatulia. Nilikuwa na furaha kweli.

Januari ilipofika, kaskazi imekauka na jua linawaka, kioo cha upande wa dereva kikakataa kushuka. Tulipofungua mlango, foili ilikuwa imejikunja kama jani la mgomba lililopigwa na jua, na lami ilikuwa imeteremka kwa machozi marefu meusi hadi kwenye reli ya kioo. Mbaya zaidi ilikuwa chini. Kila mlango wa gari una vitundu vidogo sehemu ya chini kabisa, vya kutolea maji ya mvua yanayopenya kando ya kioo. Lami ilikuwa imeviziba. Maji yalikuwa yamekaa humo kwa wiki nyingi, na katika hewa hii ya chumvi ya pwani kutu ilikuwa imeshaanza kula ukingo wa ndani. Harufu ya lami ilikaa ndani ya gari lile hadi siku nilipoliuza.

Kosa lilikuwa langu la kutojua. Kila nyenzo ya kufisha mtetemo ina joto lake inalolipenda. Ikiwa baridi sana inakuwa ngumu kama kioo na haivutiki. Ikiwa moto sana inakuwa uji na haishiki. Lami ya paa haikuchanganywa kwa ajili ya kusimama wima ndani ya mlango ulioegeshwa juani Dar es Salaam. Ile ya kiwandani ilichanganywa, ikaokwa, ikajaribiwa, na nyingi kati yake imelazwa sakafuni, mahali ambapo haiwezi kuanguka. Ndiyo sababu nasikitika ninapoiona ikitupwa kwenye rundo la makopo.

Viwanda vingi sasa vimeacha mabamba. Roboti hunyunyizia sakafuni uji mzito unaokaushwa kwenye tanuri lile lile la rangi, mahali panapohitajika tu, kwa unene uliopimwa. Magari ya umeme nayo yameleta kazi mpya: injini iliyokuwa ikifunika kila kitu kwa mngurumo wake haipo, na sasa kunasikika tairi, upepo, na vimota vidogo ambavyo zamani hakuna aliyejua kwamba vinalia. Mwaka 2020 Rolls-Royce walipotoa Ghost mpya, ikiwa imebeba zaidi ya kilo 100 za nyenzo za kutuliza sauti, walieleza kwamba katika majaribio ukimya ulizidi hadi ukawasumbua watu waliokuwa ndani. Ikabidi warudishe mnong'ono mdogo.

Nilirudi Ilala siku ya pili na mkeka wa butili chini ya kwapa. Mzee alikuwa amemaliza kuchomelea, ameisaga mishono kwa grenda, ameipaka rangi ya kuzuia kutu, nayo imekauka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta lami yako?"

Nilimwomba tusiukate kwanza. Aligonga bati jipya kwa kifundo cha kidole na likaitika kwa mlio mrefu. Tukaipangusa sakafu kwa spiriti hadi kitambaa kikatoka cheupe. Alipima kwa mkono, akakata kwa wembe, akaniasa niangalie ukingo wa foili kwa sababu unachana kama bati. Hakuwa na rola, basi akachukua beringi kuukuu, akaipachika kwenye kipande cha nondo, akaanza kusaga kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Juu ya foili kulikuwa na nakshi ndogo ndogo za kuinuka. Nikamwambia asage hadi zilale zote. Vitundu vya kutolea maji tuliviacha wazi. Wala hatukuvisha sakafu nzima, tulivisha katikati ya kila uwanja mpana wa bati, pale panapotetemeka zaidi.

Akagonga tena. Bati likatoa sauti fupi, nzito, kama mtu aliyegonga meza ya mninga. Akasogea nusu hatua, akagonga sehemu isiyovishwa. Akarudi, akagonga palipovishwa, safari hii ameinamisha sikio karibu kabisa na sakafu. Kijana wake aliacha kusaga upande wa pili akaja kutazama.

"Nipe na hicho kipande kilichobaki," mzee akasema, mkono umenyooshwa, macho bado yako kwenye bati.